Kikundi cha Ukoo, Ukerewe: Damu Aliyoongezewa Mkwe Wetu

Baba Mkubwa: Wanangu, nawashukuru mliofika hospitalini usiku wa kuamkia Jumapili. Mkwe wetu alivuja damu nyingi baada ya kujifungua, akaongezewa chupa mbili, na sasa ananyonyesha. Kinachonisumbua ni kwamba tulikuwa ndugu saba pale, tumekwisha kukunja mikono ya mashati, lakini tukaambiwa tusubiri.

Dada Muuguzi: Shikamoo Baba Mkubwa, poleni sana. Damu haitoki kwa ndugu ikaingia papo hapo kwa mgonjwa, kwa sababu lazima kwanza ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na sampuli za wachangiaji kwa kawaida huvuka ziwa hadi maabara ya kanda Mwanza. Mama anayevuja damu namna ile anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Chupa zilizomwokoa wifi zilikuwa tayari kwenye jokofu, zimetolewa na watu wasiomjua.

Kaka: Mke wangu yu hai kwa ajili yao, nami sijawahi kuchangia hata mara moja. Ni akina nani?

Dada Muuguzi: Wengi ni wanafunzi wa sekondari, kaka. Ndiyo maana shule zikifungwa akiba hupungua, ilhali watoto wadogo wanaoishiwa damu kwa malaria hawana likizo.

Bibi: Mimi naogopa wajukuu wangu wa kike wasije wakadhoofika.

Dada Muuguzi: Bibi, hofu yako ni ya haki, na mjamzito au anayenyonyesha hachangii kabisa. Wengine hupimwa kwanza wingi wa damu; anatakiwa mtu wa miaka 18 hadi 65 mwenye uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume hurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4.

Baba Mkubwa: Basi twende sote siku ya arobaini ya mtoto.

Dada Muuguzi: Naomba tusiende sote pamoja, Baba Mkubwa. Damu huhifadhiwa siku 35 tu, hivyo ni afadhali tugawane miezi, watatu watatu, ili jokofu lisijae leo likawa tupu mwezi wa Desemba.

Kaka: Niandikeni katika watatu wa kwanza.

Baba Mkubwa: Nami nina miaka 61. Niandikeni Desemba, shule zikiwa zimefungwa.