Kutuma vifurushi kutoka Tanga: basi au EMS?

Habari wakuu. Ninauza madera mtandaoni, nipo Tanga mjini. Wateja wako Dar, Arusha na Mwanza. Nitumie basi au EMS, huduma ya vifurushi vya haraka ya Posta?

Jibu 1
Dar na Arusha peleka ofisi za mabasi, stendi ya Kange, asubuhi mapema. Andika jina na simu ya mteja kwa maka peni pande mbili. Karatasi ya gundi hubanduka kwenye buti. Dai risiti yenye thamani halisi ya mzigo, ipige picha, mtumie mteja pamoja na namba ya gari. Usimkabidhi kondakta mkononi kamwe! Mzigo ukipotea huna pa kudai.

Jibu 2
Mwanza ni mbali, chukua EMS upate namba ya kufuatilia. Ila kwa mizigo ya ndege chunga ujazo: wasafirishaji wengi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000 kupata kilo za kutoza. Boksi la 40×30×30 huhesabiwa kilo 7.2 hata ndani kukiwa na kilo 2. Madera hayavunjiki, achana na boksi. Yakunje, yabane kwenye kiroba.

Muuzaji
Asanteni sana. Nauli ya mzigo alipe nani?

Jibu 2
Mteja, kabla hujatuma. Akikataa kulipa kule, unalipia wewe na kuurudisha mzigo.