Mafua ya aleji kila kiangazi: yoga, nyungu na maji ya chumvi vinasaidia kweli?

BintiSakina
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nipo Arusha, na kila mwaka kuanzia mwezi wa tisa vumbi likianza mpaka mvua za vuli zikolee mimi ni chafya tu, naamka asubuhi napiga chafya mfululizo mpaka mbavu zinauma, pua inachuruzika maji, macho yanawasha na huku juu kwenye kaakaa kunawasha sana. Homa sina na sio mafua ya kawaida maana hayo yanaisha ndani ya wiki. Hospitali wameniambia ni aleji wakanipa setirizini, nikimeza napata nafuu nikiacha inarudi, piriton ndo kabisa inanilaza na kazi yangu ni ya kaunta siwezi kusinzia mbele ya wateja. Sasa shosti wangu anafanya yoga anasema kuna namna ya kupumua na kuna kuosha pua kwa maji ya chumvi, mama mkwe anasisitiza nyungu na habasoda, jirani anasema nilambe asali ya hapa hapa Arusha. Nani kajaribu akaona matokeo? Naweza kuacha vidonge nikabaki na vya asili tu? Na hii mijakaranda ikichanua ndo inaniongezea?

Babu_Famasi
Pole sana binti. Katika hivyo vyote ulivyotaja, mimi ningekuambia anza na maji ya chumvi, maana yanaitoa ile chavua na vumbi puani kabla mwili haujaanza kupambana navyo. Ila kuna namna yake na hapa naomba usikilize vizuri. Maji usichukue ya bomba wala ya kisima ukamimina puani hivi hivi, yachemshe mpaka yatokote dakika moja nzima (walio juu sana kama Makete wafanye dakika tatu) halafu yapoe yabaki vuguvugu. Kuna amiba anaitwa Naegleria fowleri, ukimnywa hakufanyi kitu lakini akipandia puani anaenda mpaka kwenye ubongo, ni nadra sana ila akishampata mtu kupona ni bahati. Glasi moja ya maji, kama mililita 240, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ikikuchoma ongeza bekingi soda kidogo, sio magadi.

Inama kwenye sinki, laza kichwa upande, fungua mdomo upumulie huko, mimina taratibu tundu la juu maji yatokee la chini, geuza upande wa pili. Kama huna kibirika chake nunua bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yenyewe. Ukimaliza penga taratibu upande mmoja mmoja, usibane pua zote mbili maana unasukuma maji masikioni. Jioni ukitoka kazini ndo muda mzuri.

Vidonge usiache kwa sababu ya mitishamba. Muulize daktari dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, hiyo hailazi, ila inataka uitumie kila siku na uipe siku kadhaa ndo uone kazi yake, watu wengi wanapuliza mara mbili wanasema haifanyi kazi wanaitupa. Zile za matone za kuzibua pua papo hapo zisizidi siku tano, ukizoea pua inaziba kuliko mwanzo.

Asana_254
Hujambo dada, niko Nairobi na nafunza yoga. Hiyo ya kuosha pua kwa yoga inaitwa jala neti, ni ya zamani sana, na maelekezo ya mzee hapo juu ndiyo hayo hayo tunafuata. Wacha nikwambie ukweli ili usipoteze pesa, yoga haiondoi aleji mwilini. Kitu inafanya ni kukutuliza, kukusaidia kulala na kukurudisha kupumua kwa pua badala ya mdomo. Kwa aleji mimi hupenda bhramari: kaa wima, vuta pumzi kwa pua, ukitoa funga mdomo uvume kama nyuki mpaka pumzi iishe, utasikia mtetemo mpaka kwenye mashavu. Watafiti wa Karolinska kule Sweden walionyesha 2002 kwamba kuvuma hivyo kunaongeza sana gesi ya naitriki oksaidi inayotoka puani, maana hewa ya ndani ya sainasi, zile nafasi za hewa kwenye mifupa ya uso, inatembea. Hiyo si dawa lakini huwa inaleta nafuu.

Siku pua imeziba usilazimishe kupumua tundu moja moja, na zile mikao za kichwa chini zitakuzibia zaidi. Kapalabhati, ile ya kutoa pumzi kwa nguvu haraka haraka, achana nayo kama una shida ya kifua. Fanyia ndani ya nyumba usiende kwa nyasi, panguza mkeka kwa kitambaa chenye maji, na usiwashe udi hata kama mwalimu anapenda, moshi unachokoza pua.

Jakaranda usiilaumu sana, chavua yake ni ya kunata na inabebwa na nyuki. Zile za kupeperuka kwa upepo ni za nyasi na misaiprasi, angalia mahali wanafyeka majani siku hiyo utajua.

MamaKulwa_Mbagala
Mwaya pole. Nyungu mimi natumia, majani ya mkaratusi na mchaichai, inafungua pua vizuri ila ni kwa muda tu, baada ya saa kadhaa unarudi palepale. Na jamani watoto msiwafunike na sufuria la moto, nimemwona mtoto wa jirani kaungua mapaja yote, inaniuma mpaka leo. Asali nzuri kwa koo, kwa aleji sijaona, na mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Ila wale wanaoshauri kitunguu saumu puani MSIWASIKILIZE, kinaunguza.

Kilichonisaidia mimi ni usafi wa chumbani. Acha kufagia kwa fagio kavu, pitisha dekio lenye maji. Mashuka fua kwa maji ya moto kila wiki, nguo usianike nje kwenye upepo wa vumbi, na ukirudi kazini oga na uoshe nywele kabla hujalala, la sivyo unalala na vumbi lote kwenye mto.

BintiSakina
Asanteni sana wapendwa, maji ya chumvi naanza leo leo. Niongeze kitu nilisahau, kuna usiku kifua kinabana na nikitoa pumzi kinatoa mlio kama filimbi, na hiyo bhramari inaweza kusaidia?

Babu_Famasi
Hapana binti, hapo usisubiri bhramari wala nyungu. Huo mlio unaweza kuwa pumu, na pumu na mafua ya aleji mara nyingi vinatembea pamoja. Kesho asubuhi nenda wakakupime kifua, waambie kinabana usiku na waambie kuhusu chafya pia. Na ikitokea usiku unashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo inabadilika rangi, amsha mtu muende hospitali saa hiyo hiyo. Uturudishie majibu hapa.