Mjadala: Je, kadi isiyobatilika ina nafasi katika mchezo wa Redemption?

Mtoa hoja: Katika Redemption, mchezo wa kadi za kukusanya wenye maudhui ya Biblia, uliobuniwa na Rob Anderson na kutolewa Marekani mwaka 1995, mshindi ni anayetangulia kuokoa nafsi tano zilizopotea. Kwa kawaida nafsi huokolewa kwa pambano: shujaa wako huingia katika nchi ya utumwa ya mpinzani, yaani eneo la meza zinapowekwa kadi za nafsi zilizopotea, mpinzani humzuia kwa mhusika mwovu, kisha kila upande hutupa kadi za kuongeza nguvu. Kadi ya Mwana wa Mungu, ambayo ni miongoni mwa turufu, yaani kadi zenye nguvu zinazoweza kuchezwa wakati wowote, haihitaji lolote kati ya hayo, wala mpinzani hawezi kuibatilisha. Ikifuatiwa na Yerusalemu Mpya, mchezaji hupata nafsi mbili kati ya tano bila kupigana.

Sipingi nguvu, napinga nguvu isiyo na sharti, kwa sababu humpendelea aliyelamba dume mapema na kumfanya aliyepanga ulinzi kwa uangalifu aonekane amepoteza muda wake. Biblia yenyewe inawapa wabunifu kielelezo bora zaidi. Katika Kutoka 17, Israeli ilishinda pale tu Musa alipoinua mkono wake, na alipochoka, Haruni na Huri walilazimika kuitegemeza mikono yake mpaka jua likachwa. Kadi iliyoandikwa kwa kufuata kisa hicho ingemtaka mchezaji awaweke mashujaa wawili nje ya pambano ili uwezo uendelee kufanya kazi, na hapo nguvu ingekuwa na gharama ambayo mpinzani anaweza kuishambulia. Samsoni ni hivyo hivyo: nguvu zake zilidumu mradi nywele zake hazijanyolewa. Kwa hiyo napendekeza Yerusalemu Mpya iruhusiwe tu kwa mchezaji ambaye tayari ameokoa angalau nafsi moja kwa pambano.

Mchangiaji: Ndugu mtoa hoja, kila mchezaji anaruhusiwa kuwa na kadi hizo, kwa hiyo sioni upendeleo uko wapi. Zaidi ya hayo, idadi ya turufu haipaswi kuzidi idadi ya nafsi zilizopotea katika fungu lako, ambazo ni saba kwa fungu la kadi 50. Anayechagua turufu hizo mbili ameacha nyingine. Tukiziwekea masharti zaidi, ulinzi utakuwa mzito na mechi za mashindano zitaisha kwa kukosa muda. Tena sisi tunaocheza na vijana wa kanisani tungeelezaje kadi ya Yesu inayozuiwa na Yezebeli?

Mtoa hoja: Kuhusu Yezebeli tunakubaliana, na ndiyo maana sikuomba kadi ya Mwana wa Mungu iweze kubatilishwa, wala pendekezo langu halikuigusa, ingawa, kwa kuwa umeileta hoja ya heshima, Marko 6:5 inasema kwamba huko kwao Yesu hakuweza kufanya mwujiza wowote ila kuwaponya wagonjwa wachache. Kuruhusiwa sawa si kupata sawa: turufu iliyo katika kadi nane za kuanzia na turufu iliyolala chini ya fungu si kitu kimoja. Mechi zikichelewa, kinachostahili kupunguzwa ni kinga walizorundikiwa wahusika waovu, yaani uwezo wa kutodhuriwa na kadi za mpinzani, kwani ndizo zilizowafanya wachezaji wakimbilie kadi zisizozuilika. Je, upande wako ungekubali sharti langu iwapo kinga hizo zingepunguzwa kwanza?