Kifundo kinaendelea vizuri, lakini katikati ya mguu panauma. Ni kawaida?

Mama Tausi, Morogoro
Habarini. Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Siku 12 zilizopita aligongwa, mguu ukabanwa chini ya pikipiki. Eksirei ilionyesha kifundo kimevunjika upande wa nje, akafungwa hogo. Jana wamelifungua kulibadilisha: kifundo kina nafuu, ila juu ya mguu, pale kamba za kiatu zinapofungwa, pamevimba na hataki paguswe. Chini ya wayo kuna weusi kama wino umemwagika. Tumeambiwa atazoea. Mimi silali.

Baba Juma
Pole dada. Chonde chonde, asipelekwe kuchuliwa.

Muuguzi wa plasta
Mama Tausi, asizoee kitu. Nimefunga hogo miaka 11, na huo weusi wa katikati ya wayo unanitisha kuliko kifundo chenyewe. Mara nyingi maana yake kano zinazoshika mifupa ya katikati ya mguu zimechanika, na viungo vimeteguka. Madaktari wanaliita jeraha la Lisfranc. Hupita bila kuonekana kwa sababu macho yote hukimbilia kifundo, na picha hupigwa ya kifundo tu.

Rudini kesho, muombe picha ya mguu mzima hadi vidoleni. Mguu wenye jeraha hili kwa kawaida hupigwa picha mgonjwa akiwa amesimama, lakini wake bado mbichi, asiukanyagie, ombeni CT, ile picha ya mashine ya kompyuta inayoonyesha mifupa kwa undani. Daktari wa mifupa ataangalia shina la mfupa wa kidole cha pili: nafasi kati yake na mfupa jirani wa upande wa kidole gumba ikizidi milimita 2, umehama. Ukihama hurudishwa kwa operesheni, ukashikwa kwa skrubu au bamba. Usipohama, hogo na magongo, bila kukanyaga, wiki 6 hivi.

Vidole vikiwa vya baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi vikinyooshwa, msisubiri kesho. Nendeni usiku huohuo.

Mama Tausi
Mungu akubariki dada yangu. CT imepigwa: mfupa wa kidole cha pili umehama kweli. Kifundo na mguu vitafanyiwa operesheni pamoja, uvimbe ukishuka. Daktari anasubiri ngozi ianze kukunjamana. Mguu tumeuinua juu ya mito miwili, na kila asubuhi nafungua dirisha nimtazame ile ngozi. Leo nimeona mikunjo midogo karibu na kidole gumba.