Stresi, mkazo, shadda, msongo: neno moja au kila fani na lake?

Mwana wa Ngamiani: Wana Tanga, kuna kitini cha istilahi kinazunguka kwa walimu wa sekondari hapa mjini. Kila neno la Kiingereza limepewa tafsiri moja tu, eti mwanafunzi asichanganyikiwe. Stresi imeandikwa "mkazo", basi, iwe fizikia, isimu au saikolojia. Mnaonaje? Neno moja kwa fani zote, au kila fani na lake?

Fundi Nondo: Kila fani na lake, bila huruma. Kwetu mkazo ni kani ukigawanya kwa eneo la mkato. Nondo ya milimita 12 ina eneo la milimita za mraba 113 hivi. Ining'inizie tani 2.65, yaani niutoni 26,000 kwa makadirio. Gawanya: niutoni 230 kwa kila milimita ya mraba. Nondo ya daraja la 460, yaani inayostahimili hadi niutoni 460 kwa milimita ya mraba, bado iko salama hapo, nusu ya njia. Sasa mtu mwenye "mkazo" wa kudaiwa kodi ya nyumba tumgawanye kwa eneo gani, la kiuno? Porojo waachiwe watu wa saikolojia.

Dada wa Bombo: Porojo, mkubwa? Mtafiti Hans Selye aliandika kwenye jarida la Nature mwaka 1936 kuhusu panya waliotiwa baridi, waliojeruhiwa, waliopewa dawa kupita kiasi. Visababishi mbalimbali, dalili zilezile: tezi za adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi imenywea, tumbo lina vidonda. Vyote hivyo vinapimika. Leo tunapima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate. Na kupima kwenyewe kuna masharti: kotisoli hupanda alfajiri na kushuka usiku, kwa hiyo ukichukua mate ya huyu saa 2 asubuhi na ya yule saa 10 jioni, umelinganisha saa, hujalinganisha watu. Kiuno hakihusiki.

Fundi Nondo: Huyohuyo Selye ndiye aliyevuruga mambo. Kinachobana ni kitu kimoja, namna mwili unavyopinda kwa kubanwa ni kingine. Waingereza wana maneno mawili, "stress" na "strain". Yeye alieleza la pili akaliita la kwanza, na baadaye mwenyewe alikiri kwamba Kiingereza chake cha wakati ule ndicho kilichomponza.

Dada wa Bombo: Haya, tafsiri hilo la pili basi, tukuone. Tusiandike "mkazo" tena.

Fundi Nondo: Urefu ulioongezeka ukigawanya kwa urefu wa mwanzo.

Dada wa Bombo: Hilo ni neno au ni kanuni?

Shadda ya Pwani: Mnagombania mali ya watu. Mkazo ni wa isimu: katika Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, ki-TA-bu, na ukiongeza kiambishi unahama, kita-BU-ni. Wachache ndio wakaidi: bara-BA-ra ya magari, ba-RA-bara ya sawasawa. Ingawa watu wa barabara za namba kule Ngamiani siku hizi wanazitamka zote mamoja, Kiswahili kimewaponyoka.

Mwana wa Ngamiani: Shehe, weka heshima. Hakuna mtu wa Ngamiani anayesema "umefanya bara-BA-ra".

Shadda ya Pwani: Vijana wanasema hivyo.

Mwana wa Ngamiani: Vijana wanasema "poa". Hilo neno hawalitumii kabisa, watalikoseaje?

Kipimajoto: Jamani, kitini. Kina kosa kubwa kuliko stresi: neno la takwimu "significant" wameliandika "muhimu". Si muhimu! Maana yake ni kwamba kama hakuna tofauti yoyote, matokeo ya namna hii yangekuwa adimu. Kizingiti cha 1 kati ya 20 alikizoesha mwanatakwimu Fisher mwaka 1925. Jaribu dawa ya presha kwa watu 10,000 kila upande: tofauti ya milimita 1 ya presha itavuka kizingiti, na daktari hataijali. Chukua watano kila upande: tofauti ya milimita 15 inaweza isivuke. Mwanafunzi akisoma "muhimu", anageuza yote mawili juu chini.

Mchumi wa Mgandini: Neno moja huwezekana. Unyumbufu tunautumia sisi na fizikia pia, hakuna aliyekufa. Unga ukipanda bei asilimia 10, mauzo yakashuka asilimia 2, unyumbufu ni 0.2. Kama mpira tu: unavuta kidogo, unaangalia umeitika kiasi gani.

Fundi Nondo: Mpira? Chuma ni kinyumbufu kuliko mpira. Kitabu chochote kitakwambia.

Kipimajoto: Vitabu vinasema, na vinachanganya. Nondo yako ile, ikiwa ya mita 12, itarefuka milimita 14 hivi na kurudi ukitoa mzigo. Huo ni ugumu wa kuvutika. Mpira wa manati unafika mara mbili ya urefu wake na karibu wote unarudi. Ukipima kani inayotakiwa, chuma kinashinda. Ukipima umbali wa kwenda na kurudi, mpira. Fizikia yenyewe haijakubaliana na neno lake, halafu mnataka ikubaliane na uchumi.

Fundi Nondo: Chuma ni kinyumbufu kuliko mpira. Nimemaliza.

Bi Chumbageni: Mtaitafutia stresi tafsiri mpaka mchoke. Imeshafika Tanga: waja leo, waondoka lini? Konda anaisema, muuza samaki anaisema.

Dada wa Bombo: Kwa mtaani sawa, bibi. Kwenye kitini naomba "msongo" ibaki kwetu, "mkazo" kwa Fundi, na "shadda" kwa shehe. Jina analo tayari.

Shadda ya Pwani: Napokea shadda, wa-LA-kini mkazo siutoi.

Mwana wa Ngamiani: Hoja yako ina wala-KI-ni, shehe. Na hiyo tunaitamka vizuri tu Ngamiani.