Mwekezaji wa kisima anataka kutuuzia maji mtaani, mkataba uweje?

mjumbe_pembezoni: Wakuu, habari za humu. Mtaa uko pembezoni mwa Dar, kaya 120. Mtu binafsi atachimba kisima, atalaza mabomba na kutuuzia maji miaka 10. Rasimu yake inataja bei ya uniti na ada ya kuunganishwa, basi. Tudai nini kabla ya kusaini?

fundi_bomba: Anza na maji yenyewe. Mdaini vibali vya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu: cha kuchimba na cha kutumia maji, ni viwili. Halafu majibu ya kupima wingi, pampu ikivuta saa 24 mfululizo. Kaya 120 × watu 5 × lita 60 ni uniti 36 kwa siku (uniti moja ni lita 1,000). Weka na upotevu, 45. Kisima cha uniti 3 kwa saa kitavutwa saa 15 kila siku, na karibu na pwani hapo ndipo chumvi inapopanda. Ipimwe kila miezi 3, siyo siku ya uzinduzi tu. Kama vyoo ni vya shimo, msisahau kupima naitreti (kemikali itokanayo na kinyesi) na vimelea vya kinyesi.

msoma_mita: Mita kubwa mdomoni mwa kisima, lazima. Ikisoma 1,350 kwa mwezi na za wateja zikijumlisha 1,080, uniti 270 zimevuja au zimeibwa. Mkataba ukinyamaza, mtazilipa nyinyi kwenye bei.

wakili_wa_kata: Bei siyo kitu cha kwanza mkuu. Nani mwenye mabomba siku mkiachana? City Water, kampuni binafsi, ilipewa miaka 10 kuendesha maji ya Dar, ikaanza Agosti 2003, serikali ikavunja mkataba Mei 2005. Mtandao ulikuwa mali ya DAWASA, mamlaka ya maji ya serikali, ndiyo maana mwendeshaji mwingine aliweza kuingia. Kesi iliendelea hadi 2008! Andikeni: mabomba, mita na orodha ya wateja pamoja na madeni yao ni vya mtaa, nakala ya orodha kila mwezi.

mjumbe_pembezoni: Shukrani. Na pampu ikiungua?

fundi_bomba: Nyingi huungua kwa umeme kupungua nguvu au kuzunguka bila maji. Mdaini kifaa cha kuizima kwa hayo yote mawili. Saa 48 isiporudi, alete boza kwa bei ileile ya uniti.

wakili_wa_kata: Na akishindwa, mtaa uwe na haki ya kununua pampu na kukata kwenye malipo yake. Iandikwe hivyo hivyo.