Tupeane uzoefu: ulijenga hatua ngapi kutoka kwenye maji, na leo zimebaki ngapi?

Daftari la Baba

Wakuu, habari za wikiendi.

Marehemu baba alituachia kiwanja Kunduchi, Dar es Salaam, upande wa baharini. Hati hatukuikuta. Tulikuta karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na daftari la shule alilochora ramani kwa mkono wake: nyumba ya jirani, mti mmoja wa mkungu, njia ya wavuvi, na mstari kutoka bikoni ya nyuma, ile alama ya mpaka, ulioandikwa "hatua 96 hadi mwisho wa majani". Tarehe ni Agosti 1994. Mkungu haupo tena. Huo mwisho wa majani nao sijui niuhesabu wapi, maana palipokuwa na nyasi nikiwa mdogo sasa naona mchanga mtupu.

Mdogo wangu anataka tuanze msingi mwaka huu. Mimi moyo unasita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kwenye kingo za mto. Sawa, nimeelewa. Ila mita 60 kuanzia wapi, kama ufukwe wenyewe unatembea?

Kabla hatujamwaga kokoto naomba mnisimulie yaliyowakuta. Uliyejenga karibu na maji, uliyehamishwa, uliyehamishwa ukarudi, uliyechimba kisima kikatoa chumvi. Wa Msimbazi nao karibuni, mto ule si unamwaga huku huku kwetu.

Mzee wa Ngalawa

Kijana, mimi ni wa hapo hapo Kunduchi na huenda baba yako tulisalimiana.

Umeshajiuliza kwa nini kile kituo cha Barabara ya Bagamoyo kinaitwa Africana? Konda anapiga kelele "Africana wa kushuka!", watoto wa siku hizi wanashuka hawajui wametajiwa marehemu. Ilikuwa hoteli, imejengwa miaka ya 1960, ya kifahari hasa, ufukweni kabisa. Bahari ikaila. Jina likahamia barabarani, likapona.

Na haikuishia kwa wenye hoteli. Pale kijijini kwetu maji yalichukua msikiti na soko la samaki. Hayakuja siku moja kama kwenye sinema. Yanakuja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanang'ata kipande, yanarudi. Maji mafu, yale madogo, mnasahau. Bamvua nyingine, kipande tena.

Baadaye baadhi ya hoteli zikajenga matuta ya mawe kukatiza baharini ili zishike mchanga. Kweli yalishika. Lakini mchanga wetu una safari yake: upepo wa kusi unausukuma kwenda kaskazini, wa kaskazi unarudisha kidogo. Ukiuzuia kwako, aliye mbele yako hapati kitu. Nimeona tuta moja, upande huu ufukwe umenona, upande wa pili mizizi ya minazi inaning'inia kama ndevu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja. Usiende kukagua kiwanja siku ya maji mafu. Nenda bamvua, maji yakijaa, wakati wa kusi kali. Kaa pale. Halafu urudi tena kipindi cha kaskazi.

Daftari la Baba

Shikamoo mzee wangu. Nimeandika. Kwa kweli mara zote tumekuwa tukienda Jumapili yoyote tu, kula samaki na kupiga picha.

Tipa la Zamani

Naandika hili nikiwa na aibu kidogo.

Nimeendesha tipa miaka tisa. Mchanga tuliouza Tegeta, Mbezi, Goba, mpaka mjini, sehemu kubwa ulitoka mitoni. Tunaingia alfajiri, vijana wanapakia kwa koleo, kabla jua halijachomoza tumeshapiga tripu mbili. Ukikamatwa unajua utaongea nini. Nyumba nyingi nzuri za huko juu zimesimama kwa mchanga ule.

Siku moja nilipeleka mchanga kwa mama mmoja Mbezi Beach, mzee wa makamo, mwalimu mstaafu. Akaniuliza, "Mwanangu, huu umeutoa wapi?" Nikamwambia mtoni. Akanionyesha ukuta wake wa nyuma umeinama kuelekea baharini. Akasema: ufukwe unalishwa na mito. Mvua inashusha mchanga, mto unaumwaga baharini, mawimbi yanautandaza. Mkiuchota kabla haujafika, bahari inakuja kuchukua wa kwangu. Hakunigombeza. Alinilipa na chai akanipa.

Na kule juu nako ni yale yale. Ukichimba sakafu ya mto, unaenda chini, kingo zinaanguka. Nimewahi kupeleka matofali nyumba iliyokuwa mbali na mto, nikirudi baada ya misimu miwili ya masika naona choo chao kiko ukingoni, mlango unafungukia shimo. Wenye nyumba walijenga kihalali, mto ndio uliowafuata. Kwa hiyo swali lako la "mita 60 kuanzia wapi" hata sisi wa mtoni linatuhusu.

Tipa nimeuza. Sasa nina bodaboda mbili.

Chugga Boy

Mkuu Tipa, yaani wewe ndiye umekula Africana 😂

Tipa la Zamani

Hapana dogo, hiyo ilienda mimi sijazaliwa. Ila nyumba ya mwalimu sijui.

Mama Lishe wa Suna

Mimi sina bahari, nina Msimbazi. Suna, Magomeni.

Disemba 2011 ilikuja mvua ile ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) walisema Dar haijapata kunyesha hivyo tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa mjini. Sisi tulizoea maji, tulikuwa na utaratibu wetu: kitanda juu ya matofali manne manne, unga na vyeti kwenye dari, mtoto kwa jirani mwenye ghorofa. Mwaka huo matofali manne hayakutosha. Niliwatoa wanangu kupitia juu ya bati.

Tukapelekwa Mabwepande. Mahema, baadaye viwanja. Kiwanja nilipata, sikatai, na hewa safi, hakuna mbu wale wa bondeni. Lakini biashara yangu ni chakula cha wabeba mizigo Kariakoo. Chungu lazima kiwe jikoni saa kumi alfajiri. Kutoka Mabwepande ningeondoka saa ngapi, na nauli nikaitoa wapi? Nikavumilia miezi. Halafu nikarudi Suna nikapanga chumba, nyumba hiyo hiyo ya bonde. Watu walitucheka kwenye redio, eti wamepewa viwanja wamerudi kwenye maji. Hakuna aliyeuliza wateja wetu wako wapi.

Disemba 2015 likaja bomoabomoa na X nyekundu. Chumba nilichopanga kikaenda. Nikapanga kingine, mtaa wa juu yake kidogo.

Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi: watu wanafidiwa wahame, mto unapanuliwa, daraja jipya la Jangwani, na bonde liwe bustani. Mimi naona ni jambo zuri, maana hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa mle mle bondeni ikafurika, si sisi maskini tu tusiojua. Ila mpangaji kama mimi fidia yake ni ndogo, mwenye nyumba ndiye anayetajwa. Kama kuna mpanga miji anasoma hapa, akichora mahali pa kuhamia watu achore na soko.

Kamba na Bikoni

Dada wa Suna, asante, hilo la soko ningetaka libandikwe ukutani.

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi. Nirudi kwa mwenye mada. Sheria inataja ufukwe na kingo, na sisi kazini tunapima kutoka alama ya maji kujaa ya siku tunayopima. Bamvua ya Dar inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo kwenye ufukwe tambarare kukosea alama kidogo tu kunakupeleka mbali. Mwaka 2009 nilimpimia mteja Kigamboni, nyumba ikawa mita 71. Safi, vibali vyote. 2021 akaniita tena kwa ajili ya ukuta. Nikapima: 54. Nyumba haijasogea hata inchi, lakini sasa iko ndani ya eneo lisiloruhusiwa. Tulipoenda kuuliza kwenye ofisi moja tukaambiwa kwamba vibali vyake ni halali, tena tukaonywa asiongeze hata banda la kuku. Yule mzee alicheka mpaka akakohoa.

Kwa maoni yangu binafsi mita 60 ni nyingi mahali penye mwamba, na ni chache mno mahali penye mchanga unaohama. Ningekuwa na uwezo ningepima kasi ya mmomonyoko kwanza, nizidishe kwa miaka ambayo nyumba itaishi, ndipo niongeze hizo 60.

Chugga Boy

Si wajenge tu ukuta kama ule wa Barabara ya Barack Obama? Pale mbona bahari imetulia.

Kamba na Bikoni

Ule ulikamilika 2018, pamoja na ule wa Kigamboni kwenye Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Kulikuwa na barabara na majengo ya umma ya kulinda, na ni fedha za mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, si mfuko wa mtu. Ukuta wa mtu mmoja mmoja ni habari nyingine. Wimbi likigonga ukuta wima linarudi na mchanga wa miguuni pake, msingi unachimbwa, na pembeni ukuta unapoishia jirani ndiye analiwa. Rudia alichosema Mzee wa Ngalawa.

Kikundi Mtongani

Sisi tulipanda mikoko, na mara ya kwanza tulifeli vibaya. Nisimulie ili wengine msirudie.

Tulipewa mbegu za mkoko, zile ndefu kama penseli, ni rahisi, unachomeka tu. Tukachomeka mstari wa mbele kabisa, kwenye mchanga, mbele ya wageni, picha zikapigwa. Baada ya bamvua mbili hakukubaki hata moja. Mama mmoja mchuuzi wa samaki akasema angetuambia kama tungemwuliza: mbele kwenye mawimbi ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko unataka tope, nyuma yake. Mchu, aina nyingine tena, unavumilia chumvi nyingi, unaweza kukaa huku nyuma karibu na mashamba ya chumvi. Tulikuwa tumeupanga msitu kichwa chini.

Mara ya pili tukapanda kidogo, kwenye mdomo wa kijito, mahali palipokuwa na mikoko zamani ikakatwa kwa kuni na majengo. Mingi imeshika. Mei 2024 TMA walipotangaza kimbunga Hidaya tulipandisha mitumbwi, tukaifunga nyuma ya ile mikoko. Kilipungua nguvu kilipofika nchi kavu huko Mafia, huku kwetu yakawa mawimbi na upepo, kwa hiyo sitasema mikoko ilituokoa. Lakini tulijua pa kufunga mitumbwi.

Daftari la Baba, mbele yako kama ni mchanga wazi wenye mawimbi, mikoko haitakusaidia. Watu watakuuzia miche, usinunue.

Kisima Mjimwema

Fupi tu. Kisima changu Kigamboni mwaka wa kwanza maji matamu. Majirani wakaongezeka, kila mtu na pampu yake, tunavuta usiku kucha. Mwaka wa nne chai ikawa na chumvi, mama mkwe akafikiri nimekosea kopo. Tukivuta maji matamu kuliko mvua inavyorudisha, ya bahari yanaingia chini kwa chini. Sasa naoshea gari tu, na gari lenyewe linashika kutu.

Mchora Mitaro

Mimi nilikuwa mwanafunzi, 2015 tukaingia mitaani na Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa inayofurika. Tandale tulipita na simu na karatasi, tunaweka mitaro na nyumba kwenye ramani. Kipimo cha mafuriko tuliwauliza wenyeji: yalifika magotini, kiunoni au kifuani? Mabibi walikuwa sahihi kuliko kifaa chochote, wanakuonyesha mpaka msumari ukutani. Mwenye mada, muulize bibi yeyote wa Kunduchi mwisho wa majani wa 1994 ulikuwa wapi. Atakuonyesha.

Daftari la Baba

Nimerudi. Nilisubiri bamvua kama Mzee wa Ngalawa alivyoniagiza, nikaenda na mdogo wangu, kamba, na daftari.

Bibi tulimpata, jirani wa nyuma. Alituonyesha mahali mkungu uliposimama. Ni ndani ya maji, wavuvi wanapofunga mashua. Alisema kivuli chake ndicho baba alichokaa akichora.

Maji yalipojaa kabisa nikahesabu hatua kutoka bikoni ya nyuma, ile ile ya kwenye daftari. Mimi ni mfupi kuliko baba kidogo, kwa hiyo nikamwomba mdogo wangu naye ahesabu, yeye ana miguu ya mzee. Mimi 61, yeye 57. Tukapima na kwa kamba: mita 44.

Mdogo wangu hakusema kitu mpaka tulipofika Africana kupanda gari. Hapo akaniuliza kama lile eneo la kule mbele, lenye nyasi bado, linaweza kuwa la kuegesha mitumbwi ya watu na kuanika dagaa, bila jengo. Nimemwambia nitauliza humu. Kamba na Bikoni, chanja za miti za kuanikia zinahesabiwa kuwa shughuli ya kudumu?